Picha ya Thelathini na Moja

3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina mambo yake.

Nimenunua kitabu chako cha watoto, kile cha kuchagua njia. Nimepotea pangoni mara mbili na kuliwa na mamba mara moja. Hongera! Ila gazetini ulipoulizwa kama kuna uhusiano na katuni, ulijibu, "Hakuna. Ni vitu viwili tofauti." Hapo umeteleza. Katuni ya gazeti hukatika mlango unapogongwa, msomaji akabaki wiki nzima akijiuliza nani yuko nje. Kitabu chako humpa msomaji huyohuyo nafasi ya kufungua au kukimbia. Wala mambo hayakwenda upande mmoja. Mimi nilipokiona kitabu cha aina hiyo kwa mara ya kwanza, ndipo nilipoanza kuandika chini ya picha zangu, "Ukitaka aingie, nenda picha ya tisa." Sikumficha mtu wazo hilo nilikolitoa. Wewe ndiye uliyekuwa ukinijaribia njia, umelala kifudifudi sakafuni, penseli yangu mdomoni.

Je, daftari langu la katuni nililokuazima limeonekana?

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, kikohozi kimepona. Pole na goti.

Nawe Mjomba, darasa tena! Mhariri ndiye aliyeniambia nisitaje katuni. Wazazi wanaziona za kupotezea muda. Daftari lilipotea tulipohama. Nimetafuta hadi uvunguni. Usinifikirie vibaya.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Habari za huko? Watoto wazima?

Nimekaa na kitabu chako wiki mbili, nikichora njia zote kwenye karatasi moja kubwa, kila sehemu na mshale wake. Sehemu ya thelathini na moja haifikiwi na njia yoyote. Msichana ameketi juu ya paa anashona kiatu, na hakuna mshale unaompeleka pale.

Mimi namjua. Nilimchora wiki uliyougua surua. Mkono mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine unakukanda kwa kitambaa cha maji, nikasahau kuandika, chini ya picha iliyotangulia, namba ya kumpandisha. Gazeti likafungwa, katuni ile haikuchapwa. Imo daftarini tu.

Nakuuliza kama mtu mzima mwenzangu: limepotelea wapi?

Mjomba wako

28 Mei

Shikamoo Mjomba,

Umesubiri sana. Natumaini u mzima.

Daftari ninalo. Liko kabatini, chini ya mashuka. Nilianza kwa kuangalia tu, nikanakili njia moja, mwisho nikanakili zote, bila hata kuzikagua. Kitabu kinachapwa tena mwezi ujao na jina lako linaweza kukaa kwenye jalada. Jumamosi nitakuwa maktaba ya watoto, mhariri pia. Nitasema mbele ya wote. Njoo, Mjomba, nakuomba.

Mpwa wako

6 Juni

Kwako mwandishi,

Natumaini hujambo.

Nilikuja. Nilikaa nyuma, kwenye vile viti vyao vifupi. Binti mwenye mkoba wa njano akauliza, "Yule msichana wa juu ya paa alipandaje?" Wenzake wakacheka. Ukanitazama, tukatazamana. Mhariri akakohoa. Ukasema, "Hiyo ni siri niliyoibuni mwenyewe, nilitaka mtoto mwerevu aigundue." Wakapiga makofi. Hata mikono yangu ilishaanza kupiga kabla sijaizuia.

Njia ungeniomba ningekupa zote. Lakini kosa lile nililifanya kwa sababu joto lako lilikataa kushuka, nawe umewauzia watoto kama werevu wako.

Mtafute binti yule, mpe daftari. Mwambie mchoraji alisahau namba, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Ukishamwambia, niandikie. Kabla ya hapo, usiniandikie.

Mchora katuni