Ngata ya Kitabu cha Tisa

Newala, 4 Juni 2023

Kaka Ladislaus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, na lile goti limepoa. Sisi hatujambo. Mikorosho imeanza kutoa maua, na Wema amejifungua salama binti wa pili. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu masikio yangu yanaokota nusu, na jambo hili silitaki nusu.

Mchapishaji wako wa Dar amenitafuta. Anasema mnakusanya vitabu vyote tisa vya Sayari ya Mwinuko viwe seti moja, na daftari langu la kumbukumbu lichapwe mwishoni, ili msomaji ajue nani mzima, nani amekufa, na angani kuna miezi mingapi. Nimefurahi, sitakudanganya. Miaka arobaini nimeliandika daftari hili na hakuna aliyeliuliza.

Kabla ya kulituma nimevisoma vyote upya. Vinne vya kwanza, vilivyo vyako, sina neno. Kuanzia cha tano, ulipowapa watu wengine kalamu, nimesoma nikiona aibu kana kwamba ni mimi niliyeandika. Sayari ile tuliipa miezi mitatu, mimi na wewe, tukipukuchua mahindi uani. Kitabu cha sita kina miezi miwili, na hakuna anayeuliza wa tatu umekwenda wapi. Nahodha aliyekatika mkono wa kulia katika cha pili anapiga saluti kwa mkono huohuo katika cha nane. Na huyo Erasto wa kitabu cha saba amepitisha mto kileleni. Kileleni, kaka. Watu wa sayari ile wanaishi juu na maji yako bondeni, ndiyo hadithi yenyewe, naye kawaletea mto mlangoni. Huyo hajawahi kubeba debe.

Hayo niliyacheka. Cha tisa sikukicheka. Mchota Maji alikufa katika kitabu cha tatu, na kanuni yetu ya kwanza ilikuwa kwamba aliyekufa harudi. Cha tisa kimemrudisha akiwa mzima, anatabasamu. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba Mchota Maji ni mama. D. K. Dastani aliyekiandika ni nani? Nijibu hilo, daftari litafuata.

Mdogo wako,
Esther

Tabora, 29 Juni 2023

Mdogo wangu, Mama Wema,

Marahaba. Barua imenifikia na nimeisoma mara mbili. Goti linaniruhusu kufika sokoni, kurudi ni majaliwa. Mpe Wema pongezi, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Unayosema kuhusu vitabu ni kweli. Nilidhani ulimwengu mkubwa unahitaji mikono mingi, na macho yangu yalikuwa yanachoka. Mwezi uliopotea naweza kuusamehe. Zipo hadithi zenye makosa ambazo zinapumua. Kinachoua ni mwandishi asiyejali watu wake, anayewahamisha kama viti. Vijana hawa hawasomi vitabu vya nyuma. Wanaandika haraka, wanalipwa, wanakwenda zao.

Dastani ni mmoja wao. Simfahamu vizuri. Katika daftari andika tu kwamba kitabu cha tisa kinapingana na cha tatu, ulitume. Msomaji atachagua mwenyewe.

Kaka yako,
Ladi

Newala, 17 Septemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Hujambo na joto la huko? Hapa ni vumbi na kusubiri korosho zianguke.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasoma ukurasa mmoja, wa sabini na mbili. Mchota Maji anapanda kutoka bondeni, na kichwani, chini ya mtungi, ana ngata iliyosokotwa kwa mkono wa shati la shule, la bluu.

Katika sayari ile hakuna shule wala shati.

Ile ngata mama aliisokota asubuhi ileile, Oktoba ya sitini na tisa, kwa mkono wa shati lako lililochanika. Alitoka nayo, akateleza kwenye changarawe, na wanaume walipompandisha kwa machela haikuwa nao. Tuliiona watu watatu tu. Mmoja amekufa na wa pili ni mimi.

Nimesoma pia anachosema akirudi: "Haikuwa zamu ya mtu. Nilipenda mwenyewe kushuka."

Ulipokuwa likizo, kama siku ile, kuchota maji kwa baiskeli ilikuwa kazi yako. Daftari halijatumwa.

Esther

Newala, 21 Januari 2024

Kaka,

Shikamoo. Krismasi imepita na sijapata neno lako. Nauliza afya tu. Kama goti limekulaza, mwambie hata jirani aniandikie mstari mmoja.

Mdogo wako,
Esther

Tabora, 10 Machi 2024

Esther mdogo wangu,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Nilianza barua hii mara sita, na kila mara nilijikuta naeleza habari za mvua.

Dastani ni mimi. Hakuna kijana wa jina hilo. Nilijificha nyuma ya mtu asiyekuwepo, kisha nikawasingizia vijana waliopo. Erasto aliwahi kuniandikia mwaka mmoja kabla sijakiandika cha tisa, kwa adabu, akiuliza kama mto wake una kosa. Sikumjibu. Kosa lake lilinifaa. Kadiri vitabu vyao vilivyokuwa vibovu, ndivyo changu kilivyopata pa kujificha.

Asubuhi ile nilikuwa barazani na daftari la mazoezi, naandika ukurasa wa kwanza kabisa wa sayari. Mama alisimama mlangoni akaniita kwa jina. Nilimsikia. Nilikuwa katikati ya sentensi na sikuinua kichwa. Nilijiambia nimalize mstari huu. Nilipomaliza alikuwa ameshashuka.

Kila alichokisifu mtu katika vitabu vile, maji ya bondeni, njia ya mtelemko, watu wanaopanga foleni kisimani kabla ya jua, kimetoka katika asubuhi ile. Nimekula kwa kisa hicho maisha yangu yote. Katika kitabu cha tatu nilimuua kwa dhoruba, ili pasiwe na wa kulaumiwa. Haikunitosha. Katika cha tisa nilimfufua ili aniondolee lawama kwa mdomo wake mwenyewe. Ngata iliingia yenyewe. Niliifuta mara mbili, nikairudisha.

Nimezeeka, Esther, na nimedanganya mpaka kwenye hadithi za kubuni. Sijui namna ya kukutazama.

Ladislaus

Newala, 12 Mei 2024

Kaka Ladi,

Shikamoo. Nimepokea. Mvua zimekwisha, mbaazi zimebeba vizuri.

Mimi nilikuwepo, napepeta mtama pale pembeni ya mlango. Mama alikuita mara moja. Alikutazama kwa muda, kisha akachukua mtungi. Hakusema amependa, hakusema amechoka, hakusema neno. Usimtie maneno, si Dastani wala wewe.

Nami nina langu. Ningeweza kukupokonya kalamu nikasema mama anakuita. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilitaka umalize, nijue mwezi wa tatu ni wa rangi gani.

Hivi ndivyo nilivyoandika jana katika daftari, kwa wino: "Mchota Maji. Amekufa, kitabu cha tatu. Zamu haikuwa yake. Kitabu cha tisa si habari za sayari ile."

Silitumi kwa basi. Ukilitaka, lifuate. Tuna bomba uani siku hizi, lakini njia ya bondeni bado ipo, na tangu siku ile sijasikia kwamba umeikanyaga. Hata tulipomzika baba ulilala usiku mmoja tu, ukaondoka kabla watu hawajaamka.

Mdogo wako,
Esther

Masasi, 2 Juni 2024

Esther mdogo wangu,

Marahaba. Nimefika hapa jana na basi kutoka Dar, mifupa yote ikilalamika. Huko nilipita kwa mchapishaji nikamwambia Dastani ni nani. Aliuliza kama tutengeneze kitabu cha tisa kingine. Nimekataa. Seti itakuwa ya vitabu vinane, na mto wa Erasto utabaki ulipo. Nimemwandikia kumwomba radhi.

Barua hii nampa kondakta wa gari la asubuhi, mimi nitapanda la mchana. Nataka ikutangulie.

Usinipikie kwanza, na kesho bomba usilifungue. Niwekee ndoo mlangoni, ile ndogo, kwa ajili ya goti. Kama una nguo kuukuu inayotosha ngata, iweke juu yake. Nitapumzika kila nitakapochoka, lakini nitapanda nayo kutoka bondeni.

Kaka yako,
Ladi