Shati Langu Mwilini mwa Sadiki

Shamba la mkonge, Tanga

Kwa mke wangu Zuhura,

Kwanza pokea salamu zangu. Nataka kujua hali yako, hali ya mama na kile kikohozi chake, na kama mvua imeshafika huko Ujiji. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna raha, na sababu unaijua, au utaijua ukimaliza kusoma.

Wiki mbili zilizopita alifika hapa Sadiki, yule kijana mrefu wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anayevua dagaa na wajomba zake. Nilimpokea vizuri, nikampa hata mkeka. Jumapili akatoka kuoga, akavaa shati jeupe la mistari ya buluu. Zuhura, lile ni shati langu! Nililiacha ndani ya sanduku letu, na mfukoni lina herufi zangu ulizozidarizi kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza amelipata wapi. Akaangalia chini. Nikaenda moja kwa moja polisi, nikasema nimeibiwa.

Askari aliyemhoji ni mpole kupita kiasi. Alimwambia, "Ndugu, unatuhumiwa kuiba shati. Hulazimiki kusema lolote, lakini utakalosema nitaliandika, na linaweza kutolewa mahakamani." Basi Sadiki akaipokea ruhusa hiyo kama mtu aliyekaribishwa chai. Kimya! Nikamwambia askari, "Mtie vibao viwili, atasema." Akanitazama vibaya. "Mambo hayo hapa hatuna. Kunyamaza ni haki yake. Na wewe kakae nje."

Nikakaa nje nikichemka. Mtu gani anakubali kuitwa mwizi, hata kufungwa, kuliko kutaja aliyempa shati? Mwizi angedanganya. Anayenyamaza namna ile kuna mtu anamficha.

Halafu nikamsikia askari akimuuliza kama ana ndugu hapa Tanga wa kupelekewa habari kwamba yuko mahabusu. Hapo ndipo alipofungua mdomo. Akaninyooshea kidole dirishani. "Ndugu yangu ni yule. Tumetoka mtaa mmoja."

Ningekataa vipi? Watu wa Kigoma katika kambi hii ni mimi na yeye tu. Jioni nikampelekea ugali na dagaa, nimewaunga kwa mawese yale uliyonitumia. Akala, akamaliza. Nikasema, "Sadiki, niambie tu, mdogo wangu." Akanawa mikono. "Kaka Rajabu, ahsante kwa chakula. Hilo la shati muulize shemeji."

Jana niliitwa kutia sahihi maelezo yangu. Askari akanisomea yote, akasema nikiona kosa nirekebishe kabla ya kutia sahihi, kisha akaniwekea shati mezani nilihakikishe. Nikalishika. Mikono imerefushwa, Zuhura. Imeongezwa kitambaa upana wa vidole vitatu, kwa mshono wako ule wa kurudia mara mbili. Hakuna mwizi anayerudi kwa mwenye mali kurefushiwa mikono. Nikamwambia askari aandike kwamba sikuibiwa, amwachie. Shati nalo nikamwachia Sadiki, maana mimi sasa lingenifunika vidole.

Yuko huru, tumerudi chumba kimoja, tunakula sahani moja. Kila akinyoosha mkono kuchukua tonge naiona ile mishono yako, na tonge langu nalirudisha sahanini.

Nisalimie mama. Nisalimie mdogo wangu wa Mwandiga, yule fundi baiskeli, na shangazi yako anayeuza mihogo. Haya ya shati usiwaambie, watanicheka.

Sikuulizi kwa nini ulimpa, nguo ya zamani hupewa mtu. Lakini shati halirefushwi kwa kukisia. Na usije ukaninyamazia ukasema ni haki yako, haki hiyo ni ya kituoni, na mimi si askari, mimi ni mumeo. Nijibu hili tu: siku ulipompima mikono, mlango ulikuwa wazi?

Ni mimi mumeo,
Rajabu