Trekta ya Mzee Kato

Basi, mume wangu mdogo, ulikata simu kabla sijakujibu: huyu mzee nilimpendea nini? Mama yako hajambo, anakusalimu, na hapa Spånga theluji imeanza kuyeyuka.

Nilimpendea trekta. Mzee Kato alikuwa ameniposa, nami nilikwenda kwake kumwambia hapana. Bibi mjane aolewe tena ya nini? Nikamkuta gereji, baridi kali, anafufua trekta kuukuu ya kukatia nyasi. Alisafisha kabureta kwa mswaki, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

"Si ununue mpya?" nikamtania. "Hiki chuma kimezeeka."

"Kimezeeka, Bi Rehema, hakijafa. Kilikosa wa kukigusa tu. Hebu nishikie taa."

Nikashika. Akawasha. Trekta ikakohoa, ikatoa moshi, kisha ikanguruma hadi sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Nikaduwaa, mjukuu wangu. Ile hapana niliyokwenda nayo sikuiona tena, na hadi leo nikimtazama moyo huniruka.

Kabla mwezi haujaisha tutakuja huko Morogoro. Talaka yako nitakuletea mwenyewe, na mwenzio umkaribishe vizuri.

Bibi yako