Mama Hataki Tena Kwenda Manyovu

Mwanga, Jumanne usiku

Sasa sijui nimwelezeje Saidi dereva. Ijumaa anatupeleka Manyovu kwa pikapu yake, kule milimani mpakani, tukamtafute mama mdogo kati ya wakimbizi waliovuka kutoka Burundi. Na Mama, aliyenisumbua tangu masika nimtafutie gari, leo anasema haendi.

Nilidhani anaogopa barabara, maana mvua imezibomoa kona za mlimani. Nikamwambia tutazunguka kupitia Kasulu.

“Si barabara,” akasema, huku akiendelea kuchambua maharage.

Nilikasirika. Nimeshaomba ruhusa kazini, hata blanketi la mama mdogo nimenunua.

Baadaye akaniita. “Mwanangu, nikiwa hapa, mdogo wangu yuko hai. Nikifika huko nikaambiwa hayupo, nitarudi na nini?”

Nikamwambia basi nitakwenda mwenyewe na Saidi. Akalichukua lile blanketi, akalikunja.

“Nenda. Ila ukimkosa, usiniambie siku hiyohiyo.”

Nimekubali. Lakini Mama huwa ananisoma usoni hata kabla sijavua viatu, sasa nitaingiaje humu ndani…