Mwezi Mkubwa, Sayari Nzito

Baba,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa makusudi, kwa kuwa mara ya mwisho tulipobishana niliondoka bila hata kukuaga, nikijiona nimeshinda.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na shahada yangu. Mama amepika, na jirani yetu Mzee Hoza amekuja kunipongeza. Nikawaeleza kwamba Mshtarii, sayari kubwa kupita zote, ina mwezi unaoizidi sayari ya Utaridi kwa ukubwa. Ukatikisa kichwa. "Mwanangu, huo mwezi mliupima kwa macho au kwa mkono?" Nikacheka mbele ya mgeni, nikasema hilo ni swali la mtu aliyezoea kupima kabichi. Mzee Hoza akatania, "Leo umepata mwalimu nyumbani!" Haikupita miezi miwili tukakuzika, nami sijakuomba radhi.

Baba, ulikuwa na hoja. Kitabu nilichoazima karibuni chasema wazi: mwezi ule, Ganimedi, ni mpana kuliko Utaridi, lakini uzito wake haufikii hata nusu ya uzito wa sayari hiyo. Mwezi una barafu nyingi. Sayari imejaa chuma. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikitafuta pa kukubishia. Sikupaona.

Na nilikuwa nimeliona jambo hilo tangu utotoni! Kabla ya kupakia lori la Tanga ulikuwa ukiinua kabichi mbili, moja kila mkono, ukatulia kidogo, kisha ile kubwa ukaiweka kando. "Hii imejaa upepo." Vitabu vyote nilivyosoma havikunikumbusha.

Siku hizi nafundisha kisomo cha watu wazima, baada ya kazi za shamba la ujamaa. Jumatano niliweka mezani kabichi changa, ndiyo Mshtarii; punje ya njegere, ndiyo Dunia; mbegu ya kabichi, ndiyo mwezi wetu; na punje mbili za mtama, iliyozidi kidogo ikiwa Ganimedi na ya pili Utaridi. Kisha nikawaambia, Mzee Hoza akiwapo, kwamba nilimcheka baba yangu kwa swali la kisayansi ambalo mimi, mwenye shahada, sikulifikiria. Mama aliinamia kibao chake.

Mzee Hoza akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, huu mwezi wetu nao, Dunia inauzidi uzito mara ngapi?"

Sikujua. Nikasema hivyo: sijui.

"Andikeni hilo," mama akawaambia wenzake, "mwalimu hajui!" Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao, kisha wakaanza kubishana wenyewe hadi nikashindwa kuwatuliza.

Nisamehe, Baba, upumzike kwa amani. Jibu la Mzee Hoza nitalitafuta. Na nakuahidi hili: atakayeniuliza swali, hata kama bado hajaweza kuandika jina lake, nitamsikiliza mpaka amalize.

Mwanao