Kikadi cha Chini ya Glasi

Brno, Jumamosi asubuhi

Kwako Dada Lamara,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Guram na binti yangu Tamta. Goti lako linaendeleaje? Na Tamta bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia, na sababu utaiona huko chini. Tafadhali usimsomee Tamta barua hii.

Kazi ya kukata vioo si mbaya, vidole vyangu bado viko vyote kumi. Chumba nimekipata. Kina vitanda viwili, na kile kidogo nilishakitandika shuka la maua, kikimsubiri Tamta aje hiyo Pasaka. Hata kukikalia naogopa.

Jana jioni, tulipotoka kazini, wenzangu walisema haiwezekani nikae mji huu bila kuziona baa zake. Nikawaambia nina barua ya kuandika. Radek, jirani yangu wa mashine, akanicheka mbele ya watu: "Mgeorgia gani wewe unaikimbia glasi? Au mama kakukataza?" Niliona haya kusema kwamba si mama, ni dada, na kwamba miezi kumi na minne iliyopita niliapa mbele ya picha ya baba kuwa sitagusa pombe tena, ndipo ukakubali kunilelea mwanangu mpaka nitengemae. Nikajisemea nitakunywa soda tu, yaishe.

Baa ya kwanza nilikunywa soda kweli, huku jasho linanitoka. Baa ya pili mzee Vlastik, fundi wetu mkuu, aliagizia meza nzima bia bila kumuuliza mtu. Alisema ni ya kumkumbuka mkewe, aliyefariki mwezi kama huu. Dada, wewe unajua kwetu glasi ya marehemu haikataliwi wala haibakishwi. Najua pia utasema marehemu huombewa kwa divai, si kwa bia, na mimi niliona aibu, lakini ndiyo iliyokuwa mbele yangu. Nikasimama peke yangu kati ya watu waliokaa, nikamtakia pumziko mama wa watu nisiyemjua, nikaimaliza yote. Hata Radek hakucheka. Mzee alinishika mkono, machozi yakimlengalenga.

Nikaweka glasi tupu mezani, nikajua wajibu umekwisha. Kumbe huku glasi tupu ni kuomba nyingine! Usipoifunika kwa kile kikadi cha karatasi ngumu kinachokaa chini yake, mhudumu analeta tu, haulizi. Akaleta. Nikainywa kwa heshima ya mzee. Akaleta tena, na tena. Saa nane usiku nilikuwa kitandani na viatu vyangu. Sasa mgeni kama mimi nani angeniambia?

Hapo ndipo nilipotaka kuishia, dada. Nimeiandika hivyo mara mbili asubuhi hii na karatasi zote mbili nimezichana. Mzee Vlastik aliniambia. Glasi ya pili ilikuwa bado nusu, akanisogezea kikadi akasema, "Kijana, ukitosheka funika, la sivyo huyu ataleta mpaka uote mizizi hapo." Nilikishika mkononi. Nilimwona mhudumu anakuja. Nikakitia mfukoni, nikaiacha glasi wazi. Niliiacha wazi mara nne, na kila mara nilifurahi.

Kikadi chenyewe kimo ndani ya bahasha hii. Nitunzie mpaka nitakapokuomba unirudishie. Tiketi ya Tamta usikate. Shuka la maua nimelikunja. Akikuuliza, mwambie chumba cha baba hakijawa tayari, na hutakuwa umemdanganya.

Goti ulikande kwa maji ya moto, shemeji naye mpe mkono wangu. Mtoto mbusu usingizini, asijue.

Ni mimi mdogo wako,
Malkhazi