Waya Uliozama Kwenye Gome

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Ikinga hatujambo, na kahawa imechanua. Ila picha yako imeniudhi! Unauliza kwa nini kotonista yako, ule mti mdogo wa kwenye chungu, inakauka? Waya ulioufunga kupinda shina umezama kwenye gome, na wewe unatazama tu!

Baba yangu aliufunga mche wa kahawa kwa waya ili unyooke, akaenda Tunduma kubeba mizigo. Aliporudi akaukuta umenyauka, akamfokea mama: "Mbona hukuufungua?"

Mama akasema, "Ulifunga wewe, ukaondoka. Hata mimi uliniacha hivyo hivyo."

Baba hakuondoka tena.

Kata waya huo leo, vipande vipande. Usiuzungushe, utachuna gome. Mkeo uliyemwacha kwangu hajanituma nikupe salamu.

Bibi yako